Mbegu Yenye Kustahimili Ukame: Yastahimili Vipi, na kwa Gharama Gani?

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Buhembe, Bukoba)



Yako maneno ambayo husemwa mara nyingi mno hata yakapoteza makali, kama panga lililochanja kuni mwaka mzima bila kunolewa. Mojawapo ni haya: "Mbegu hii inastahimili ukame." Maneno hayo huandikwa juu ya mifuko ya mbegu, husemwa katika mikutano ya hadhara, hurudiwa katika taarifa za ofisi, na mwanafunzi huyanakili katika daftari lake akapewa alama ya vyema. Hata hivyo, mkulima aliyeambiwa hivyo bado hajaambiwa jambo ambalo aweza kulitumia shambani. Mbegu hiyo yastahimili kwa njia gani? Yastahimili katika kipindi gani cha maisha yake? Katika udongo wa namna gani? Na inapostahimili, mkulima hutozwa nini badala yake?

Maswali haya si ya maabara peke yake. Mwalimu mwenye kibanja Buhembe aweza kuyaona kwa macho yake mwezi wa Agosti, wakati kyanda, yaani kiangazi, kinapokaribia ukingoni. Migomba miwili imesimama hatua chache tu baina yao. Mmoja ni Enshakala, mgomba wa chakula. Majani yake yamejikunja kama mwavuli uliofungwa nusu, na yale ya chini yamekauka na kuning'inia. Mkungu wake, kama upo, una vichana vichache na ndizi nyembamba. Wa pili ni mgomba wa pombe wa jamii ile ambayo jirani wa Uganda huiita Kayinja. Majani yake yangali yamenyooka, na mkungu unaendelea kunenepa. Mvua ni ileile, jua ni lilelile, udongo ni uleule, na mwenye shamba ni yuleyule. Tofauti imo katika mbegu.

UKAME KATIKA NCHI YA MVUA

Mtu aliyezoea Dodoma, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, aweza kucheka akisikia ukame ukizungumzwa Bukoba. Ukanda wa magharibi ya Ziwa Viktoria hupata mvua takriban milimita 2,000 kwa mwaka, nao ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Lakini mgomba haunywi jumla ya mvua ya mwaka. Mgomba hunywa maji yaliyo karibu na mizizi yake wiki ile na siku ile. Mizizi yake iliyo mingi hukaa katika sentimita 30 au 40 za juu za udongo. Inapokwisha kutumika kiasi cha theluthi moja tu ya maji ambayo udongo ule waweza kuupa mmea, mgomba huanza kujinyima.

Tena udongo wa Bukoba na Muleba, kwa sehemu kubwa, umetokana na miamba ya kale ya mchanga. Ni mwepesi, una tindikali, na mvua ileile iliyo nyingi imeuosha rutuba yake kwa karne nyingi. Hauwezi kushika maji kwa muda mrefu. Lau wazee wa Buhaya wasingalibeba samadi ya ng'ombe na majani ya rweya kuyaingiza katika vibanja vyao, kizazi baada ya kizazi, pasingalikuwa na migomba hiyo inayosifiwa leo. Kibanja chenye rutuba ni kazi ya mikono, nacho huchakaa mikono ikilegea.

Na kadiri mtu anavyoliacha ziwa na kwenda magharibi, ndivyo mvua inavyopungua, hata kufikia milimita 1,000 au pungufu katika sehemu za Karagwe. Watafiti waliofanya kazi Uganda, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011, walipima jambo hili kwa mizani. Waliona kwamba kwa kila milimita 100 zinazopungua katika mvua ya miezi 12 kabla ya mavuno, mkungu wa mgomba wa chakula wa nyanda za juu waweza kupungua kwa kilo 1.5 hadi 3.1, yaani asilimia 8 hadi 10. Mahali penye mvua isiyofika milimita 1,100, hasara yaweza kuwa kati ya asilimia 20 na 65 ikilinganishwa na mahali penye mvua ya kutosha.

Hasara hiyo huwaponyoka wengi kwa sababu mgomba haufi kama mahindi. Mahindi yakikaushwa na jua, shamba zima huwa la manjano na kila mpita njia hutambua kwamba pana balaa. Mgomba husimama. Huchelewa kutoa mkungu kwa mwezi mmoja au miwili, kisha hutoa mkungu mdogo. Zaidi ya hayo, idadi ya vichana huamuliwa ndani ya shina, miezi kadhaa kabla mkungu haujachomoza. Jua la Julai hulipiwa wakati ambao mvua imekwisha kurudi, na mkulima husema, "Mwaka huu ndizi zimekataa tu." Ukame wa migomba ni mwizi anayeiba nyumbani pasipo kuvunja mlango.

NJIA TATU ZA MMEA

Mimea ya chakula haina njia moja ya kupambana na ukosefu wa maji. Kwa kifupi njia hizo ni tatu, na kila moja ina bei yake.

Njia ya kwanza ni kukwepa. Mmea huu haupigani na jua bali hukimbia na kumaliza safari yake kabla jua halijawa kali. Mfano ujulikanao sana katika Afrika Mashariki ni mahindi ya Katumani, yaliyotokana na kituo cha utafiti cha jina hilo huko Machakos, Kenya. Mbegu ya muda mfupi ya Kito, iliyotoka katika kituo cha Ilonga katika miaka ya 1980, ni ya mkondo huohuo. Lakini mmea unaoishi siku chache hukusanya chakula kidogo. Mwaka wa mvua nzuri, mkulima wa Katumani humwona jirani yake mwenye mbegu ya muda mrefu akivuna magunia zaidi, naye hujilaumu, hali hana kosa. Alikuwa amelipa ada ya bima.

Njia ya pili ni kujibana. Jani la kila mmea lina matundu madogo mno, ambayo wataalamu huyaita stomata. Kwa matundu hayo mmea hutoa mvuke wa maji, na kwa matundu hayohayo huingiza hewa ya ukaa ambayo ndiyo malighafi ya chakula chake. Mmea ukiyafunga, huokoa maji lakini hufunga jiko. Muhogo ni hodari wa njia hii: hufunga matundu mapema, huangusha majani, kisha hungoja. Mvua ikirudi, huchipua tena, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mgomba nao hufunga matundu yake mapema sana, ndiyo maana shina lake huwa limejaa maji hata wakati wa kiangazi. Asiyefahamu huona maji yale akadhani mgomba hauna shida, kumbe umeacha kukua.

Njia ya tatu ni kuvumilia kwa maana iliyo kamili, yaani mmea kuendelea na kazi ingawa maji ni haba. Mtama unasifiwa kwa jambo hili. Mizizi yake huenda chini sana, jani lake lina utando kama nta unaopunguza upotevu wa maji, na ukizidiwa kabisa waweza kulala kwa muda kisha ukaamka.

Juu ya njia hizo tatu liko suala la wakati. Mahindi yakikosa maji yakiwa machanga huweza kujirudi. Yakikosa maji wakati wa kuchanua, msiba ni mkubwa. Mbelewele, lililo ua dume, hutoka kwa wakati wake na kumwaga unga wake, lakini ndevu za gunzi huchelewa, na zinapotoka unga umekwisha. Gunzi hubaki na mapengo au tupu kabisa. Wataalamu wa kituo cha kimataifa cha CIMMYT, huko Mexico, waliitumia siri hiyo kuchagua mbegu: walitafuta mimea ambayo ndevu zake hazichelewi hata maji yakipungua. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa mahindi mengi yaliyosambazwa katika nchi 13 za Afrika, Tanzania ikiwamo, kwa mpango uliomalizika mwaka 2015. Basi mbegu mbili za mahindi zaweza kufanana kwa kimo, kwa rangi na kwa siku za kukomaa, lakini siku sita au saba za tofauti kati ya mbelewele na ndevu zikaamua nani atakula na nani ataomba.

KOO MBILI ZA MGOMBA

Katika migomba, tofauti kubwa imo katika nasaba. Karibu migomba yote inayoliwa duniani imetokana na migomba miwili ya porini ya bara la Asia. Mmoja huitwa Musa acuminata, nao wataalamu huuandika kwa herufi A. Wa pili huitwa Musa balbisiana, nao huandikwa kwa herufi B. Ukoo wa B umetokea sehemu za Asia zenye msimu mkali wa kiangazi, na watafiti wengi katika nchi mbalimbali wameona kwamba migomba yenye B katika nasaba yake, hasa yenye B mbili, hustahimili ukosefu wa maji kuliko yenye A peke yake.

Sasa, Enshakala, Entobe, Enyoya, Enchoncho na ndugu zao wengi, ambao ndio msingi wa chakula cha Bukoba na Muleba, wote ni wa jamii ya migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nasaba yao ni A tatu. Hawana B hata moja. Kayinja ana A moja na B mbili. Bokoboko, ndizi ijulikanayo sana Zanzibar na pwani, naye ana A moja na B mbili. Kisubi ana moja ya kila upande. Nkonjwa, ndizi ya kuchoma, ana A mbili na B moja.

Hapa ndipo mwalimu wa Buhembe atakapoona kwamba jambo hili si la sayansi tu. Migomba iliyo dhaifu mbele ya jua ndiyo hiyo inayopewa mgeni, ndiyo inayopikwa siku ya arusi, ndiyo inayoitwa chakula. Migomba iliyo imara mbele ya jua ni ya rubisi, ya kukamua, ya kuuza pembeni. Mtaalamu anayekuja na ushauri wa kung'oa Enshakala na kupanda Kayinja, kwa kuwa hesabu ya maji inasema hivyo, hamwambii mkulima abadili mbegu tu. Anamwambia abadili sahani yake, na heshima anayompa mgeni wake.

BEI YA USTAHIMILIVU

Ladha ni bei ya kwanza, nayo si ya kudharauliwa. Mfano wa mtama uitwao Serena wapaswa kukumbukwa. Mbegu hiyo ilitokana na kituo cha Serere, Uganda, nayo ilienezwa hadi Tanzania. Ilikomaa mapema, ilistahimili jua, na ndege hawakuipenda kwa sababu punje zake za kahawia zina ukali. Lakini kile kilichowafukuza ndege kiliwafukuza na walaji pia. Ugali wake ulilalamikiwa. Mbegu inayoshinda jua na ndege, kisha ikashindwa mezani, haijamaliza safari yake.

Bei ya pili ni maradhi. Mmea hauna nguvu ya kila namna kwa wakati mmoja. Kayinja, huyo shujaa wa kiangazi, hushambuliwa vikali na ugonjwa wa Panama, yaani mnyauko unaoletwa na ukungu wa udongoni. Kisubi naye hali kadhalika. Lakini Enshakala na ndugu zake, walio wanyonge mbele ya jua, wamesimama imara mbele ya ugonjwa huo. Kisha mwaka 2006 mnyauko mwingine, ule wa bakteria, uligunduliwa mkoani Kagera baada ya kuenea Uganda tangu mwaka 2001. Wadudu huubeba kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi jingine, na Kayinja ni miongoni mwa migomba inayouambukizwa kwa urahisi sana kwa njia hiyo. Kijiji ambacho kingekuwa kimepanda Kayinja peke yake kwa kuogopa jua kingelipokea pigo la mnyauko kikiwa hakina ngao.

Muhogo umetoa funzo kama hilo. Ni mmea wa akiba, na kwa ukame una sifa kubwa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa mkali wa batobato uliingia Kagera kutoka Uganda, na mashamba ambayo jua halikuyaweza yaliwezwa na kirusi kinachobebwa na nzi mweupe mdogo kuliko punje ya ulezi. Mtu aliyekuwa ameandika katika taarifa yake kwamba kijiji kina muhogo wa kutosha na kwa hiyo hakina hofu ya njaa, alikuwa ameandika nusu tu ya habari.

MICHE KUTOKA MBALI

Kagera si mkoa ulioachwa bila msaada wa mbegu. Kati ya mwaka 1997 na 2002, mpango wa maendeleo ya jamii ya Kagera, kwa ushirikiano na Ubelgiji, ulileta miche ipatayo 70,000 iliyooteshwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Leuven. Miche hiyo ilizidishwa na machipukizi yake yakagawanywa kwa wakulima katika wilaya za mkoa. Nia ilikuwa kuiokoa migomba iliyokuwa ikidhoofika kwa sababu ya udongo kuchoka, fukusi, minyoo ya mizizi na ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Miongoni mwa miche hiyo zilikuwamo chotara za shirika la utafiti la Honduras, zijulikanazo kwa jina la FHIA pamoja na namba zake.

Jina hilo moja limeleta makosa ya kufikiri. Wapo wanaosema "FHIA inastahimili" kana kwamba FHIA ni mgomba mmoja. FHIA-17 na FHIA-23, zilizopendwa na wakulima wengi kwa ukubwa wa mikungu yao, ni za A nne. FHIA-01 ina A tatu na B moja. FHIA-03 ina A mbili na B mbili. Mkulima aliyepewa chipukizi bila namba amepewa mtoto bila jina la baba, na hawezi kujua kiangazi kitamfanya nini. Vivyo hivyo, chotara nne zilizoidhinishwa Tanzania mwaka 2021 kwa jina la TARIBAN, kazi iliyoanzia kwa watafiti wa Uganda na taasisi ya IITA na kujaribiwa nchini, zimetokana na migomba ya nyanda za juu. Sifa zake ni mavuno na kustahimili madoa meusi ya majani. Sifa hizo ni kubwa, na hazina haja ya kuongezewa sifa ya ukame ambayo haikuwa kusudi lake.

Wakulima wengi walifanya nini na miche ile ya kigeni? Hawakung'oa migomba ya baba zao. Waliitia migomba mipya miongoni mwa ile ya zamani, wakaitazama, wakaionja, wakaamua ipi ikae wapi. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Wapo wataalamu waliouita mwenendo huo ukaidi. Lakini ukitazamwa kwa yale yaliyokwisha kuelezwa juu ya jua, Panama, mnyauko na batobato, kibanja chenye migomba ya aina kumi si ushahidi wa ujinga. Ni mpango wa hadhari, uliobuniwa na watu ambao hawakuwa na ghala la taifa la kuwasaidia.

UDONGO NA MAGANDA

Tofauti ya mbegu, hata hivyo, haisemi yote. Mbegu ileile ya Enshakala hulia mapema katika kibanja kitupu na huchelewa kulia katika kibanja kilichotandazwa majani. Matandazo hupunguza maji yanayopotea kwa jua, hupoza mizizi ile ya juu, na yakioza huongeza uwezo wa udongo wa kushika maji. Samadi hufanya kazi hiyohiyo. Lakini ng'ombe wamepungua katika kaya nyingi, na rweya, iliyokuwa chanzo cha majani, imepungua kwa kupandwa miti na kujengwa nyumba.

Tena kuna madini ya potasiamu. Mmea huyatumia kuendesha matundu ya majani na kusafirisha chakula chake, na mgomba ni mlaji mkubwa wa madini hayo. Utafiti mwingine kutoka Uganda, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba mgomba wa nyanda za juu huumizwa na upungufu wa potasiamu kuliko hata na ukame wenyewe, na kwamba ukipewa madini hayo hupunguza madhara ya kukosa maji. Sasa potasiamu ya kibanja imo wapi? Imo katika mikungu na maganda yake. Mkulima anapokula ndizi zake na kurudisha maganda, majivu na makapi ya maharage shambani, mzunguko haukatiki. Mkungu unapouzwa Bukoba mjini au kupakiwa melini kwenda Mwanza, potasiamu ya kibanja huondoka nao, na maganda huishia katika jalala.

Mtumishi wa Buhembe anayenunua ndizi sokoni yumo katika hesabu hii, apende asipende. Kila wiki jiko lake hupokea kiasi cha uwezo wa kustahimili jua kutoka kwa mkulima wa Muleba au Bukoba Vijijini, na kila wiki hukitupa. Maganda ya mji yakikusanywa, yakaozeshwa na kurudishwa mashambani, huenda yakafanya zaidi kwa Enshakala kuliko hotuba kumi za kuhimiza mbegu mpya.

AGIZO NA USHAURI

Taifa hili limewahi kujifunza kwa uchungu. Ukame wa mwaka 1973/74 na 1974/75 uliilazimisha nchi kutumia fedha nyingi za kigeni kununua chakula. Chama na Serikali viliitikia kwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na kabla ya hapo, mwaka 1972, Azimio la Iringa lilikwisha kutangaza kwamba Siasa ni Kilimo. Nia ilikuwa njema, na mwito wa kupanda mtama, uwele na muhogo katika sehemu kavu ulikuwa na msingi. Kasoro ilitokea pale mwito ulipogeuka agizo lenye idadi ya ekari, na mtekelezaji akahesabu ekari bila kuuliza udongo, wakati wa mvua, wala sahani ya mlaji. Kujikosoa ni sehemu ya uongozi bora, na kosa hilo halijawa la historia kabisa. Kila inapotolewa mbegu mpya yenye sifa nzuri, upo mvuto wa kutaka wilaya nzima iipande, kwa sababu taarifa yenye jina moja la mbegu ni rahisi kuandika.

Kazi ya mtumishi wa umma katika jambo hili si ngumu kutajwa. Afisa ugani ampe mkulima jina kamili la mbegu, pamoja na namba na nasaba yake, si sifa tupu. Amweleze inastahimili kwa njia ipi, na inashindwa na nini. Amshauri aongeze, asimwamrishe afute. Kwa shamba la Buhembe, ushauri wenye busara ni kuiacha Enshakala na ndugu zake mahali penye samadi na matandazo, karibu na nyumba, na kuipeleka migomba yenye B pembeni, mahali ambapo udongo ni mwepesi na kiangazi huuma zaidi, ua lake dume likikatwa mapema kwa ajili ya kuzuia mnyauko. Muhogo safi na viazi vitamu viwe akiba ya nyuma. Yote hayo hayahitaji fedha za kigeni. Yanahitaji mtu anayejua tofauti na anayemheshimu anayemshauri.

Kazi ya mwalimu ni kubwa zaidi. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwezi Machi 1967, haikukusudia shamba la shule liwe mahali pa adhabu kwa wachelewaji. Ilikusudia liwe darasa. Shule yenye robo ekari yaweza kupanda migomba ya aina tano, nusu ya kila aina ikitandazwa majani na nusu ikiachwa wazi. Wanafunzi wahesabu majani mabichi mwishoni mwa kila mwezi wa kyanda. Waandike tarehe ya kila mkungu kuchomoza, idadi ya vichana vyake, na uzito wake katika mizani. Kipimo cha mvua chaweza kutengenezwa kwa kopo na rula. Kituo cha utafiti cha Maruku kiko karibu na mji, na wataalamu wake waweza kuombwa wayapitie majina ya aina hizo ili kusiwe na mchanganyiko.

Baada ya miaka mitatu shule hiyo itakuwa na daftari ambalo halipo katika maktaba yoyote: habari za Enshakala, Kayinja, FHIA-17 na wenzao katika udongo wa Buhembe, kwa mvua ya Buhembe. Mtoto aliyeandika katika daftari hilo, akikua na kuwa mkulima au afisa au mbunge, hataridhika akiambiwa tu kwamba mbegu fulani inastahimili ukame. Atauliza yastahimili vipi, wakati gani, wapi, na kwa gharama gani. Naye atakayemjibu itambidi awe amejitayarisha.